Kapeti za Sista Wanjugu

Ukitaka kumjua Sista Wanjugu, usianze na gari lake. Anza na sebule. Pale Woodley, kwenye zile nyumba kuukuu za kaunti, ya kwake ndiyo nyumba ambayo huwezi kukuta kitu kikiwa uchi. Kochi limevaa kitambaa, mikono ya kochi imevaa vitambaa, runinga imevaa, friji imevaa, hata mtungi wa gesi una sketi yenye marinda. Mimi ni jirani yake wa ukuta mmoja. Naitwa Kibe, karani mstaafu, na siku moja nilikaa kwake muda mrefu mno hadi nikaingiwa na wasiwasi kwamba nikisinzia nitaamka nikiwa nimefumiwa kofia.

Watu wengi hapa kwetu hufunika makochi wakaridhika. Sista hakuridhika. Miaka yote ya kazi alikuwa mkunga wa kliniki ya jiji, na watu wazima wengi mnaowaona wakijitapa kati ya Woodley na Kawangware walifika duniani kupitia mikono yake. Alipostaafu akajinunulia kigari cha rangi ya maziwa, kilichotoka Japani kikiwa kimetumika, kama yanavyotoka magari yetu mengi. Akajifunza kuendesha katika umri ambao wenzake wanachagua mkongojo. Siku alipokileta nyumbani alifungua mlango, akatazama lile zulia la mpira sakafuni, jeusi, tupu, akatikisa kichwa.

"Kibe," akaniambia, "hii gari iko uchi."

Hapo ndipo kapeti zilipoanza. Alikata gunia kwa umbo la sakafu ya gari, kisha akavuta nyuzi nene za sufu kwa sindano ya ndoano, kitanzi baada ya kitanzi, hadi kapeti ikawa nene na laini kama mgongo wa kondoo. Pembeni maua, katikati jina la mwenye gari. Hakuuza hata moja. Zilikuwa zawadi. Ukinunua gari, kapeti ya Sista ilikufikia kabla hata mchungaji hajaliombea. Katika kanisa lake la Uthiru, huko alikozaliwa na ambako hajawahi kuacha kusali, ilikuwa kazi kupata gari ambalo halijavishwa. Ya mchungaji ilikuwa na msalaba. Nilimuuliza kama ni halali mtu kukanyaga msalaba akienda kuhubiri, naye akanijibu kwamba mimi nimeshakanyaga mambo makubwa kuliko hayo maishani mwangu. Mjadala ukaishia hapo.

Nawaambia haya ili mjue ni mwanamke wa aina gani. Ulimi anao, na mikono anayo. Lakini mimi nilikuwa sijamwona bado, ingawa nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilimwona mara ya kwanza Jumamosi moja mchana, kwenye barabara ya Waiyaki, tulipokuwa tunakaribia kufa.

Tulikuwa tunatoka Uthiru kwenye mkutano wa akina mama, ambako mimi huitwa mgeni wa heshima kisha hupewa viti nibebe. Tulikuwa tunaelekea mjini, Biashara Street, kwenye duka la Ramila anakonunua nyuzi zake. Mbele yetu lori la kabeji lilikuwa linajikokota likitema moshi. Sista akawasha taa ya kulia, akatazama kioo, akakanyaga mafuta alipite.

Gari likaruka. Tukalipita lori, nami nikangoja gari litulie, maana ndivyo magari yanavyofanya. Hili halikutulia. Lilizidi. Injini ilinguruma kama kitu kilichochokozwa, mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti, na vibanda vya pembeni ya barabara vikaanza kupita bila umbo. Mbele, kwenye mteremko, niliiona Kangemi ikija: watu wanaovuka barabara popote moyo unapowatuma, mikokoteni, akina mama na mizigo ya sukuma wiki mgongoni. Nikajaribu kuomba, nikagundua nimesahau hata pa kuanzia.

Ndipo nikamsikia Sista akizungumza. Hakupiga kelele. Ilikuwa ile sauti ya mtu anayeomba apewe pamba.

"Nimeacha mafuta. Haijaachilia," akasema. "Breki. Nakanyaga. Haitoshi."

Baadaye alinieleza kwamba ndivyo walivyofundishwa wodini. Uzazi ukienda kombo, unataja kwa sauti kila unachofanya, kimoja kimoja, ili mikono isishindane na kichwa na wenzako wajue mmefika wapi. Wakati ule sikujua lolote. Nilisikia tu mwanamke mzee akiiambia mauti inachotakiwa kufanya.

"Ufunguo, hapana. Usukani utafunga. Kibe, piga honi."

Nikailalia honi kwa mikono miwili. Watu wa Kangemi wakageuka, wakatawanyika huku na huku wakitutukana vizuri.

"Gia. Naweka N."

Akasukuma gia mbele, ikawa huru. Injini ikalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwenye chombo cha chuma, lakini gari lenyewe likalegea, kana kwamba limeachiliwa kutoka mkononi mwa mtu. Breki zikashika. Akaliongoza taratibu hadi pembeni, tairi zikakwaruza kokoto, tukasimama. Akazima ufunguo. Tulikuwa hatua chache tu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi. Yule mama aliinua kichwa, akatutazama kupitia vumbi.

"Mnataka mangapi?" akauliza.

"Mawili," Sista akajibu. "Yasiwe magumu sana, huyu meno yake si yake."

Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya magoti. "Sasa," akaniambia, "nitatetemeka kidogo." Na akatetemeka, kuanzia mabegani hadi viatuni, nami nikaketi pale nikimtazama kama mtu anayetazama mlima ambao amekuwa akianika nguo zake mbele yake miaka yote. Sioni haya kusema kwamba nilimwogopa. Nilimwogopa kwa heshima, na hofu hiyo haijanitoka hadi leo.

Sasa sikieni shukrani aliyoipata.

Gari lilikuja kuvutwa hadi gereji ya Bwana Tarsem pale Ngong Road. Dereva wa kulivuta alipanda, akasukuma vitu kwa miguu, akajaribu pedali zote, akasema hazina neno. Tarsem naye akalijaribu, hakuona kasoro, akamrudishia Sista ufunguo; gari likabaki kwake. Jioni hiyo akaja Anita, binti pekee wa Sista, mhasibu wa mjini, mwanamke mwema lakini mwenye haraka ya kumaliza hesabu. Alimkumbatia mamake, akalia kidogo, kisha akajifuta machozi na kuanza kesi.

"Mum, ulikanyaga mafuta ukidhani ni breki."

"Anita, najua breki yangu."

"It happens, Mum. Watu wa age yako inawafanyikia sana. Hakuna mtu anakulaumu." Akanigeukia. "Uncle Kibe, ulikuwa hapo. Mguu wake ulikuwa wapi?"

Hapo ningeweza kumwokoa jirani yangu kwa neno moja, na neno lenyewe sikuwa nalo. Nani huangalia miguu ya mama wa watu? Nikasema ukweli: "Mimi nilikuwa naangalia Kangemi."

Anita akauondoa ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, akautia mkobani. Hakuuchukua kwa ubaya. Uso wake ulikuwa umepauka kwa woga, na nilishangaa kidogo kwamba anaogopa kuliko mamake aliyekuwa ndani ya gari. Sista hakumzuia. Alisema tu, kwa sauti ndogo: "Nimewashika watoto wa watu gizani bila taa wala maji, hakuna aliyeniponyoka. Leo nimeshindwa kujua mguu wangu mwenyewe?"

Msifikiri ufunguo ni kipande cha chuma. Ufunguo ule ulikuwa Uthiru kila Jumapili, ulikuwa kwa Ramila kila nyuzi zilipokwisha, ulikuwa matanga na arusi na wagonjwa. Bila huo Sista aligeuka mtu wa kungoja kuchukuliwa. Na kanisani wakaanza kumsemesha polepole, kwa sauti ya juu, kama mtu aliyepoteza masikio. "Pole Sista, ni umri." Cate, mwenyekiti wa akina mama na rafiki yake tangu usichana, alimshika mkono kuvuka ua ambao Sista ameuvuka tangu utotoni. Nyumbani akaacha kufuma. Nilikuwa nikimkuta ameketi, mikono mapajani, na vumbi juu ya kitambaa cha redio. Iliniuma sana. Nilitamani anitukane hata kidogo.

Aliyegeuza mambo ni Norman, mumewe Anita, bwana mpole asiyesema sana mezani. Huyu alichukua namba ya chesisi ya lile gari, akaketi na kompyuta. Akakuta kwamba magari ya aina ile, ya mwaka ule, kiwanda kiliyaita yarudi. Pedali ya mafuta ilikuwa na hitilafu, ikikanyagwa iliweza kung'ang'ania chini. Wenye magari walipelekewa barua wayarudishe yatengenezwe bure.

"Sasa barua ilienda kwa nani?" nikauliza.

"Kwa mwenye gari wa kwanza. Japan."

Jambo hili lilinizidi akili, na bado linanizidi. Barabara zetu zimejaa magari yaliyokuwa na maisha mengine kabla ya kutufikia. Mahali fulani barua inagonga mlango wa mtu asiye na gari tena, na gari lenyewe liko Nairobi linapeleka mtu kanisani, halijui kama linaitwa.

Anita alikuja siku hiyo hiyo akapiga magoti mbele ya mamake, akarudisha ufunguo kwa mikono miwili. Kanisani walipiga makofi. Cate aliomba sala ndefu ambayo ndani yake Wajapani waliguswa mara kadhaa. Wale waliokuwa wakimsemesha polepole sasa walimwita shujaa, wakataka aeleze tena namna alivyosukuma gia, na Sista akaeleza, na kila akieleza mgongo wake ulinyooka zaidi. Akatoa sindano yake ya ndoano. Nami nikapata tusi langu la kwanza baada ya muda mrefu, nikalala vizuri.

Ikabaki kubadilisha hiyo pedali mbovu tu. Jumamosi iliyofuata tukaenda wawili kwa Tarsem. Tarsem ni mzee wa kilemba cha buluu na ndevu nyeupe, amezaliwa Nairobi na anaisema Nairobi yote. Akaingiza kichwa na tochi chini ya usukani, akakaa huko. Akatoka polepole, akaketi kwenye kizingiti cha gari.

"Sista, hii pedali sio ile ya kwanza," akasema. "Imebadilishwa. Ona hapa, kuna alama ya rangi. Fundi akimaliza kazi anaweka. Hiyo shida waliimaliza huko huko Japan kabla hii gari ipande meli."

"Uko sure?"

"Hii ni mpya kuliko gari yenyewe. Haina makosa."

Sista aliinama, akanyoosha mkono, akaigusa ile alama ya rangi kwa kidole. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama.

"Huyo mtu hanijui," akasema.

"Nani?" nikauliza.

"Fundi aliyeweka hii. Hajui kuna mtu anaitwa Wanjugu. Na amenifanyia kazi safi."

Akainuka. Akatazama kiti cha nyuma ambako vijana wa gereji walikuwa wamezitupa kapeti zake. Niliona uso wake ukibadilika, na sikuelewa. Alichukua ile ya upande wa dereva, akaigeuza kwenye mwanga. Upande wa mbele, pale penye ua la kulia, vitanzi vilikuwa vimevutika virefu na vingine kukatika, kama vimetafunwa na panya. Akaitandika sakafuni, juu ya zulia la mpira, akaisukuma mbele kidogo kwa kiganja, vile kisigino kinavyosukuma siku baada ya siku.

"Bwana Tarsem. Kanyaga mafuta mpaka chini. Na mkono."

Tarsem akakandamiza pedali hadi mwisho, ikazama ndani ya sufu. Akaondoa mkono. Pedali haikurudi.

Kelele zote za Ngong Road zilikuwepo nje lakini mimi sikuzisikia. Ile pedali ilibaki chini, imefumbatwa na ua la sufu nyekundu, ua zuri kabisa.

"Tena," Sista akasema. Tarsem akainasua, akakandamiza tena. Safari hii ilirudi. Mara ya tatu ikang'ang'ania.

Tarsem alikuwa wa kwanza kuzungumza. Aliipangusa mikono yake kwa kitambaa, akasema taratibu, "Sista, mimi mdomo wangu ni wa chai tu." Mungu ambariki. Alimaanisha kwamba sisi watatu tukinyamaza, hakuna mtu mwingine duniani atakayejua. Kila mtu alishaamini ni gari. Ufunguo ulisharudi. Heshima ilisharudi.

Sista alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia Anita kwanza.

"Gari yako iko wapi? Iko parking? Sawa. Shuka sahii, toa kapeti ya dereva, weka kwa boot. Usiniulize. Kesho nitakwambia. Anita, shuka nikiwa kwa simu." Akangoja na simu sikioni hadi aliposikia buti likifungwa. Kisha akampigia Cate. Kisha mchungaji. Kisha Veronicah wa kwaya. Aliketi kwenye stuli ya gereji hadi chai aliyoletewa ikaganda utando, akimpigia kila mtu aliyewahi kupewa kapeti, naye akamwambia kila mmoja maneno yale yale, kwa ile sauti ya wodini.

Njiani kurudi Woodley, gari likiwa limevuliwa, sakafu yake mpira mtupu, nilijaribu kumshauri. Niliona ni ushauri mzuri.

"Sasa si wameshazitoa," nikasema. "Hatari imeisha. Kesho waambie unazichukua kuziosha. Basi, usizirudishe. Nani atakumbuka?"

"Kibe, mtu akiambiwa toa kitu na asiambiwe kwa nini, Jumatano amerudisha. Wewe ungerudisha."

Ningerudisha.

"Lazima waambiwe zinaua," akasema. "Na lazima waambiwe na mwenye kuzitengeneza."

Jumapili, wakati wa matangazo, alipanda mbele. Watu walianza kutabasamu wakidhani watasikia tena habari ya gia. Alikuwa ameibeba kapeti yake mwenyewe chini ya kwapa. Akaifungua, akawaonyesha vile vitanzi vilivyokatika.

"Mlinipigia makofi hapa," akasema. "Leo nimekuja kuyarudisha. Gari yangu haikuwa na makosa. Ilitengenezwa kitambo, na mtu asiyenijua. Hii ndiyo ilishika mafuta. Nimeijaribu kwa gereji, ikashika tena. Nimeshona mimi, na yako nimeshona mimi, na yako. Ni nene, inateleza, na pedali inazama ndani. Nilitaka magari yenu yapendeze. Sikufikiria kitu kingine. Naomba mnirudishie zote leo, kabla mtu hajawasha gari. Na msamaha naomba pia."

Nimekaa kanisani miaka mingi nikingoja kuhisi kile wanachosema watu hukihisi, na nilikihisi siku hiyo, wakati wa matangazo.

Cate akasimama. "Lakini Sista, mbona zetu hazijasumbua? Yangu nimekanyaga miaka."

"Hata yangu haikusumbua miaka, Cate. Ilisumbua siku moja."

Baada ya ibada, uani, alianza kazi. Wengine walileta kapeti zao wenyewe, lakini Sista hakumwamini mtu. Alipita gari moja baada ya jingine, akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye changarawe na gauni lake la Jumapili, akapitisha mkono sakafuni. Alikuta mbili ambazo wenyewe walizirudisha asubuhi hiyo hiyo, moja ikiwa ya mchungaji, msalaba na kila kitu. Alimtazama tu. Mchungaji akaona viatu vyake vinavutia sana.

Veronicah wa kwaya aliikumbatia yake kifuani. "Sista, hii ulinipa nikijifungua firstborn. Wewe ndiye ulimshika."

"Nitakutengenezea ya mlangoni," Sista akamwambia, akiivuta pole pole kutoka mikononi mwake. "Mlango haukimbii."

Mimi nilizipokea na kuzipanga. Rundo likapanda: maua, ndege, majina ya watu, kazi ya miaka yote ya kustaafu kwake. Nilitaka kulia, na kwa kuwa mimi ni mzee na hakuna anayeniangalia, nikalia kidogo.

Mwisho alilifikia gari la Anita. Anita alikuwa amesimama kando yake na Norman, na kitoto chao cha kike, kinachoanza shule, kikiwa kimemshika sketi. Sista alikuwa amechafuka magoti. Akaingiza mkono mkobani, akautoa ufunguo wa gari lake, akamnyooshea bintiye.

"Nilikwambia ni gari. Haikuwa gari, ilikuwa mimi. Shika."

Anita hakuushika. Alizunguka nyuma akafungua buti, akaitoa kapeti yake, ile yenye jina lake kwa nyuzi nyekundu, akawa anampa mamake huku ameigeuzia upande wa juu. Jana yake aliitupa humo bila kuitazama. Sasa wote wawili waliiona kwa pamoja. Upande wa mbele, pale pale penye ua la kulia, vitanzi vilikuwa vimevutika na kukatika.

Anita akaketi kwenye ukingo wa buti, taratibu.

"Mum," akasema. "Kabla ya Easter, pale Westlands. Gari iliruka. Nilikuwa natoka kwa junction, ikaruka tu, ikapanda pavement, ikazima. Ilibaki hivi kugonga ukuta." Alionyesha kwa viganja, na kati ya viganja hapakuwa na nafasi ya kutosha mkate. "Nilidhani ni mguu wangu. Niliona aibu. Sikuambia mtu, hata Norman. Na huyu alikuwa nyuma."

Norman alimwinua mtoto.

"Ndiyo maana yako ilipofanyika nilisema ni mguu," Anita akaendelea, na sasa alikuwa analia kwa sauti. "Nilikuwa nimeamini mtu anaweza kukosea hivyo. Kwa sababu mimi nilikosea. Na sikukosea, Mum. Sikukosea."

Nikaukumbuka ule uso uliopauka jioni ile. Kumbe hakuwa anamwogopea mamake peke yake.

Sista aliishika ile kapeti, akapitisha kidole juu ya jina la mtoto wake, herufi moja moja. "Ningekuua kwa mkono wangu mwenyewe," akasema. Mara hiyo sauti ya wodini haikuwepo. Hiyo ilikuwa sauti ya mama tu, na ilivunjika katikati. Anita akamvuta, wakashikana pale kwenye buti, na ufunguo ukaanguka changaraweni katikati yao.

Aliyeuokota ni Anita. Nilifikiri atauweka mkobani. Badala yake aliufuta kwa sketi yake, akamrudishia mamake kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake. Kisha akamchukua mtoto mikononi mwa Norman, akatembea naye hadi kwenye kile kigari cha rangi ya maziwa, akafungua mlango wa nyuma, akamketisha, akamfunga mkanda. Akauvuta mkanda kuhakikisha umeshika. Yeye mwenyewe akaingia mbele, upande wa abiria.

"Twende, Mum," akasema.

Mimi nikasukumwa nyuma na rundo la kapeti hadi shingoni. Mtoto akachukua moja akanivika kichwani, na hivyo ndivyo nilivyopata kofia yangu hatimaye. Sista alisimama mlangoni mwa dereva. Kabla ya kuingia alipiga magoti tena, kwa mara ya mwisho siku hiyo, akapitisha kiganja chake sakafuni, kwenye mpira mweusi, tupu, kutoka chini ya kiti hadi chini ya pedali. Kisha akapanda, akashika usukani.

"Sakafu, wazi," akasema kwa sauti, ili wote tusikie. "Mafuta, yanarudi. Breki, nakanyaga." Akamtazama mjukuu wake kwenye kioo. "Inashika."

Akawasha gari.